Shamba la Mama Lilivyoingia Chumvi

Mwaka ule mpunga wa mama ulichanua vizuri kuliko wa majirani wote. Watu waliopita na mitumbwi walimsifia kwa sauti kutoka mtoni, naye akawajibu kwa kupunga mkono tu, maana hakupenda mpunga usifiwe kabla haujaingia ghalani. Kisha ukakauka ukiwa umesimama. Mpunga uliojaa huinama wenyewe kwa uzito, lakini ule ulibaki na vichwa juu kama majani ya kawaida. Mama alichuma shuke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Mapepe matupu.

"Kaonje maji ya mfereji," aliniambia.

Nilishuka kwenye mfereji mdogo uliotenganisha shamba letu na la jirani, nikateka kwa kiganja, nikatia mdomoni na kutema palepale. Haikuwa ile chumvichumvi ya mwisho wa kiangazi tuliyoizoea. Yalikuwa maji ya bahari. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshauona uso wangu na hakuhitaji jibu. Akapanda dunguni, akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya msimu wa mpunga.

Dungu ndilo lililokuwa nyumba yetu ya shamba, kibanda juu ya nguzo ndefu kupita mtu, sakafu ya miti, paa la makuti. Kijiji chetu ni Mbuchi, katika delta ya Rufiji, lakini tangu kupanda hadi kuvuna watu walihama na sufuria zao, kuku wao na watoto wao, wakaishi huko mashambani juu ya maji. Mimi nilijifunza kutambaa juu ya sakafu ya dungu, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni nisianguke. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo ninayoyakumbuka ni ya mama, kaka yangu mkubwa na mimi: kupigia ndege madebe tangu alfajiri, kuwafukuza nguruwe mwitu, kukamata kambale waliojisahau kwenye majaruba mto ulipopungua. Mpunga ukiwa bado mchanga mama alikata kidogo, akaukaanga na kuutwanga tukala pepeta, na harufu yake ilikwenda mbali hadi madungu ya jirani yakaanza kutaniana nani katangulia.

Shamba lile alilirithi kwa mama yake. Bibi na mumewe ndio walioufyeka msitu wa mikoko uliokuwa pale, wakachoma visiki, wakangoja mto ufurike na kuisafisha ardhi. Hivyo ndivyo mpunga wa kwetu ulivyolimwa. Mto ukishuka na maji baridi, bahari hurudi nyuma. Mto ukinywea, bahari hupanda. Miaka yote ya bibi na miaka mingi ya mama, mto ndio ulioshinda.

Kwa nini ulianza kushindwa, kila mtu alikuwa na lake. Wapo waliosema mto umehamia mkono mwingine, unamwaga maji yake kaskazini. Wapo waliosema mvua zimevurugika, zinakuja kwa mkupuo zinaondoka. Kaka alisikia redioni kwamba bahari ya dunia nzima inapanda kwa ajili ya joto, na kwamba barafu za mbali zinayeyuka. Alikuja kutueleza tukiwa tunakula.

"Barafu ya wapi?" mama aliuliza.

"Huko mbali, mama. Mwisho wa dunia."

"Na maji yake yamekosa pengine pa kwenda mpaka yaje kwangu?"

Tulicheka. Mama hakucheka.

Mwaka uliofuata alipanda mapema, akapata mapepe zaidi. Mwaka mwingine alichelewa kusudi, na kaa wakakata miche yote ikiwa na majani mawili. Ndipo kaka akatoa wazo la tuta. Alisema ikiwa maji yanapanda juu ya shamba, basi shamba lizungushiwe ukuta. Hatukuweza peke yetu, tukamwendea jirani yetu wa shamba, mjane kama mama. Mimi nilimwita shangazi na mama alimwita wifi, ingawa hatukuwa na udugu. Walikuwa wamelima bega kwa bega tangu usichana wao. Alikubali kabla kaka hajamaliza kueleza.

Tulifanya kazi kiangazi chote. Kaka alikata udongo kwa sepetu, sisi wanawake tukabeba kwa makarai vichwani, tope likitutiririka hadi kwenye nyusi. Tulisimika nguzo za mkandaa, mkoko mgumu, upande wa mtoni, tukasukia matete, tukashindilia udongo kwa miguu huku tukiimba. Shangazi alikuwa na sauti nzuri, na pale chini ya jua alituchekesha kwa nyimbo za unyago mpaka kaka akaenda kujificha kwa aibu. Bwana shamba alituletea mbegu aliyosema inavumilia chumvi. Masika yalipoanza, mpunga ulikuwa umefika magotini, mnene, wa kijani iliyokolea. Kuna jioni niliwaona mama na shangazi wamekaa juu ya tuta wameninginiza miguu, wanautazama mpunga tu. Sijawahi kumwona mama ametulia kiasi kile, kabla wala baada.

Bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tuliyatarajia, tulikuwa tumelipima tuta kwa alama yake ya mwaka uliopita na kuongeza juu yake. Asubuhi yalipokuja, upepo wa kusi ulikuwa unavuma na maji yakapanda kwa haraka. Yalifika kwenye alama, yakaipita, yakasimama chini kidogo ya ukingo. Kaka alitembea juu ya tuta toka mwanzo hadi mwisho akilikanyagakanyaga. Lilikuwa gumu. "Limekaa!" alitupigia kelele. "Mama, limekaa!"

Aliyeona kwanza ni shangazi. Alikuwa ndani, katikati ya mpunga.

"Wifi! Yanatokea huku chini!"

Maji yalikuwa yanachemka kutoka ardhini. Kaa walikuwa wametoboa chini ya tuta, matundu kila mahali, na bahari ilipita humo kimyakimya huku sisi tukiangalia juu. Tulikimbia na matope, tukaziba tundu moja, likafoka jingine pembeni. Tulitia nyasi, tukatia magunia. Shangazi alipiga magoti akizuia kwa viganja vyake vyote viwili, akiita jina la Mungu. Mama alifungua kanga yake ya juu akaisokota, akaisukuma kwenye tundu kubwa kuliko yote, kisha akakaa juu yake. Alikaa hivyo maji yakimpanda hadi kiunoni.

"Mama, toka," kaka alisema. "Yameshaingia."

"Nimeliziba hili."

"Hilo umeliziba, mama. Toka."

Maji yalipoanza kupwa mtoni, tuliona jambo ambalo hatukulifikiria hata mmoja wetu. Nje yalishuka, ndani yakabaki. Tuta letu lilikuwa limeyafungia maji ya chumvi pamoja na mpunga kama sufuria. Kila saa yaliyokaa yalizidi kuuchoma. Kaka alilitazama tuta, akatoa matusi ambayo hakuwahi kuyatoa mbele ya mama, kisha akachukua sepetu akaanza kulikata kwa mikono yake mwenyewe. Alipiga kama mtu anayeua nyoka. Maji yalipotoka kwa kishindo yalisomba na matete na nguzo. Ndani ya siku chache mpunga ulikuwa rangi ya majani ya chai.

Shangazi aliondoka kabla ya msimu mwingine. Alikuwa na ndugu katika kijiji cha Mkongo, juu bondeni, ambako mto bado ni mto. Alikuja kuaga na kuku wake wawili wamefungwa miguu, akawaacha kwetu.

"Twende sote, wifi," alimwambia mama. "Hapa tunalima nini?"

"Mkongo nina shamba gani mimi?"

"Na mimi sina. Tutaomba."

"Nikaombe ardhi kwa watu, na yangu hii ipo?"

"Iko wapi, wifi?" Hakusema kwa ubaya. Aliinua mkono akaionyesha. Mama hakugeuza shingo. Tulisikia baadaye kwamba anafanya vibarua kwenye mashamba ya wengine, na kwamba mwaka wa mafuriko makubwa mto ulipanda ukachukua hata ile nyumba aliyokaribishwa. Dungu lake la huku lilianguka lenyewe. Kaka alichukua nguzo zilizofaa.

Mimi niliolewa Kibiti, kwenye barabara ya lami, ambako mabasi ya Lindi na Mtwara hupita yakipiga honi. Mume wangu anatengeneza pikipiki na mimi nina cherehani barazani, nashona sare za shule na madera. Kila nilipokwenda Mbuchi kumsalimia mama nilikuta kitu kimepungua. Minazi ya ufukweni ilikuwa imebaki vigogo visivyo na vichwa. Kisima cha karibu na nyumba kiligeuka, kwanza chai ikawa na ladha, halafu sabuni ikakataa kutoa povu. Wali tuliupika bila kutia chumvi. Maji ya kunywa yalikuja kwa madumu katika boti. Kaka aliacha jembe akaingia kutega kaa, wale wale, wanaonunuliwa na watu wa mjini, na ndio waliomlisha yeye na mama. Mama hakuwala. Alipika, akamwandalia, akala chake pembeni.

Ila hakuacha kwenda shambani. Hakuwa na cha kupanda, alikwenda tu, asubuhi akapiga kasia, jioni akarudi.

Ndipo wakaja watu wa mikoko. Kijana wa idara ya misitu aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mtu wa bara, mpole, Mkristo, kwenye mkutano alikuwa wa kwanza kuvua viatu alipoona wazee wamevua. Alieleza kwamba mikoko ndiyo ukuta wa kweli dhidi ya bahari, inashika udongo, inavunja nguvu ya mawimbi, samaki huzaliana kwenye mizizi yake. Mashamba ya mpunga yaliyokufa yarudishwe kuwa msitu kama zamani. Alikuwa na ramani, na shamba la mama lilikuwemo.

Nilikuwepo siku alipokuja nyumbani kumwomba. Alikaa kwenye mkeka, akanywa uji aliopewa.

"Mama, sitaki uone tunakunyang'anya."

"Mwanangu, utaninyang'anya nini? Bahari imekutangulia."

"Ikiota, italinda hata kijiji. Wajukuu watakuja kuona faida."

Mama aliokota kijiti akachora mkekani. "Mama yangu aliikata mikoko ile kwa shoka akiwa na mimba yangu," alisema. "Alikuwa akisimulia mpaka anakufa, namna mti mmoja ulivyowashinda mwezi mzima." Kisha akamuuliza, "Mnaanza lini?"

Tulipanda pamoja naye, mimi nikiwa nimeacha cherehani kwa wiki hiyo. Vijiti vya mkoko vya kupanda ni virefu, vya kijani, vinachomekwa tu matopeni upande uliochongoka. Vijana walikwenda kwa kamba zilizonyooshwa. Mama hakufuata kamba. Aliinama akarudi kinyumenyume kama apandikizavyo mpunga, na mstari wake ulinyooka kuliko wa kamba. Wale vijana walimpigia makofi. Alijinyoosha, akashika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu tuta likatwe nilimsikia akiimba kidogo, chini kwa chini. Nilijiambia, basi, hata hii si haba. Shamba litakuwa msitu, msitu nao ni kitu.

Mwaka ulipopita tulirudi kuangalia pamoja na yule kijana wa misitu. Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Upande wa mtoni mchanga ulikuwa umeletwa na mawimbi ukafunika miche hadi kwenye vikonyo. Katikati ilikuwa imesimama, myeusi, bila majani, imeshikwa na chaza wadogo. Nyuma yake misikundazi ya zamani, miti mikubwa ambayo hata bibi aliibakiza kwa ajili ya kivuli, ilikuwa imekauka kwa sababu ni miti inayotaka maji baridi. Kando ya mto mililana, mikoko ya ukingoni, ilikuwa inaanguka mmoja mmoja na udongo wake, mizizi juu. Kijana alitembea huku na huku, akang'oa mche, akautazama, akauchomeka tena kama vile ungesikia.

"Maji yanakaa muda mrefu mno," alisema hatimaye. "Mkoko unataka maji yaje na yaondoke. Hapa hayaondoki vizuri siku hizi."

"Mpunga haufai," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mikoko nayo haifai."

"Hapa, kwa sasa, haifai."

"Basi hapa panafaa nini, mwanangu?"

Alikuwa mtu mkweli, na ninamheshimu kwa hilo. Alitazama miguu yake iliyokuwa ndani ya tope. "Sijui, mama," alisema. Mama akamshika bega kama vile yeye ndiye aliyefiwa, akamwambia tuondoke kabla maji hayajageuka.

Baada ya hapo hakwenda tena shambani. Miguu yake ilivimba, presha ikapanda. Mganga wa zahanati alimwambia apunguze chumvi, akamjibu kwamba amwambie nani, kisima? Nikampeleka Kibiti kukaa nami.

Nilidhani atapona moyo akikaa penye watu. Kibiti kuna soko, kuna msikiti wa karibu, kuna maji ya bomba ambayo hayana ladha yoyote. Mume wangu anamheshimu. Lakini mama hakuwa na la kufanya na mikono yake. Mawingu ya vuli yalipojikusanya aliamka kabla ya adhana, akajifunga kanga kiunoni, akasimama uani. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi, mchanga mtupu unaofaa mihogo na mikorosho tu. Alikilima chote kwa siku moja bila kuniambia, hadi kwenye msingi wa ukuta. Jioni nilimkuta amekaa kando ya jembe.

"Umekilimia nini, mama?"

"Nimelima tu."

Sokoni alikuwa akisimama mbele ya magunia ya mchele. Mchuuzi mmoja, mtu wa Mbeya, alimzoea akamwita bibi, akawa anamkaribisha kiti. Mama aliuzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Mchuuzi alicheka mwanzoni, baadaye akaacha kucheka. Aliniambia siku moja, "Dada, mama yako anatafuta nini humu?" Nilimwambia alikuwa mkulima. Akasema, "Ah," akamsogezea kiti kivulini.

Simu ya kaka ilikuja mwezi wa bamvua kubwa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya nyumba ya mama, yakakaa, ukuta wa nyuma ukamong'onyoka. Makaburi ya upande wa chini yalikuwa yanafikiwa na maji kila mwezi sasa, lakini la baba liko juu kidogo. Alisema yeye anahamia Kilwa kwa rafiki zake wa kaa. Nilimpa mama simu. Alisikiliza, akaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Haya." Hakuuliza habari ya shamba. Alimuuliza kama amekula.

Kabla ya kwenda Kilwa kaka alipitia kwetu. Alikuja juu ya lori la mkaa, na ubavuni mwake alikuwa ameushika mlango wa nyumba ya mama, mlango wa mbao za mkomafi aliouchonga baba walipooana, na bawaba zake zenye kutu. Alisema hakuweza kuuacha. Tuliujaribu kwenye chumba cha mama, ukawa mpana, fremu zetu za siku hizi ni nyembamba. Mume wangu alisema angeweza kuupunguza kwa msumeno, mama akasema usikatwe. Tukauegemeza ukutani, nje, tukaufunika kwa turubai.

Mchwa wa Kibiti waliuona kabla ya mvua kwisha. Niliondoa turubai siku moja nikakuta njia zao za udongo zimepanda hadi kwenye kitasa, na nilipobonyeza kwa kidole gumba, kikazama ndani ya mbao. Nilimwita mama, maana sikutaka auone mwenyewe akiwa peke yake. Alikuja akauangalia, akabonyeza nilipobonyeza mimi.

"Kuna kuni ndani?" aliuliza.

"Zimekwisha, mama. Nilitaka kumwita mtu wa mkaa."

"Usimwite. Uchanjeni huu."

Mume wangu alileta shoka. Upande ambao mchwa walikuwa hawajaufikia ulikuwa mgumu, alipiga akasimama kupumua, akapiga tena. Mama alikaa kwenye kigoda akakusanya vipande, akavipanga kwa urefu, vifupi mbele, virefu nyuma. Tulipikia maharage. Moto ulikuwa mzuri. Mama alikula kidogo, akanawa, akaingia ndani kuswali, nami nikarudi kwenye cherehani, kulikuwa na sare za watu zilizotakiwa Jumatatu.